Mitego Kumi na Miwili ya Mama Karanga

Mtaani walimwita Mama Karanga, na mgeni aliyesikia jina hilo alidhani anauza karanga. Wala hakuuza. Ilikuwa ni harufu tu. Kila siku ya kazi alichanganya siagi ya karanga na shayiri iliyosagwa, akafinyanga vidonge vya chambo, na harufu ile ilikuwa imemwingia mpaka kwenye kucha. Akisimama kwenye foleni ya duka la dawa, watu waligeuka kumtafuta anayekula peke yake. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akiwaambia wateja kwamba yeye hakuoa mke, alioa kitafunwa. Naye alimjibu kwamba afadhali kitafunwa kuliko fundi ambaye shati lake mwenyewe halina vifungo viwili. Miaka thelathini walikuwa wakirushiana maneno hivyo, na hakuna aliyeomba talaka.

Kazi yake ilikuwa kutega. Kituo cha utafiti kilikuwa mwisho wa barabara ya lami, nyumba ya bati la kijani yenye vyumba vinne: cha mitego, cha vipimo, ofisi, na kimoja walichokiita stoo ingawa kilikuwa na kitanda. Hapo walichunguza wanyama wadogo wa porini na magonjwa yao: panya wa nyasini, popo, virukanjia, na zaidi ya wote, sange. Sange, kwa asiyemjua, ni mnyama wa ukubwa wa ngumi mbili, mwenye miguu myembamba, macho makubwa kama ya mtu aliyepokea habari mbaya, na pua ndefu isiyotulia. Ukimwita panya mbele ya Mama Karanga, umemkosea sange na umemkosea yeye.

Hakusomea kazi hiyo. Miaka kumi na tisa nyuma alikuwa mfagizi wa kituo. Watafiti walikuwa wametega wiki nzima wakapata konokono wawili na mjusi mmoja. Yeye, alipomaliza kufagia, alichukua mitego miwili akaisogeza karibu na gogo alilokuwa ameona mavi madogo madogo. Asubuhi mitego yote miwili ilikuwa imefunga. Mkuu wa kituo wa wakati huo aliuliza kwa sauti nani kahamisha mitego, na yeye akajua hapo ndipo amemwaga unga. Badala ya kumfukuza, mkuu alimpa daftari na kalamu. Tangu siku hiyo ufagio ulishikwa na mtu mwingine.

Mitego ilikuwa themanini, visanduku vya bati vinavyokunjika, kila kimoja na namba yake. Kanuni ilibandikwa ukutani na Mama Karanga alikuwa ameitia sahihi: kila mtego ulionasa uoshwe kwa dawa ya kuua vijidudu, uanikwe juani, na usipelekwe upande mwingine kabla haujaoshwa. Sababu ni rahisi hata mtoto anaielewa. Mnyama mgonjwa huacha ugonjwa wake humo ndani, na anayeingia baada yake anauokota.

Mitego sitini na minane aliiosha mpaka ungeweza kujitazamia. Kumi na miwili hakuiosha kamwe. Aliikung'uta mavi, akaifuta kwa nyasi kavu, basi. Ili asiichanganye na mingine aliidondoshea kila mmoja tone la rangi nyekundu ya kucha, chini, mahali ambapo hakuna mtu angeinamisha shingo kutazama.

Msimwone mvivu. Mvivu haoshi mitego sitini na minane. Miezi yake ya kwanza aliona kwamba mtego uliotoka kwenye dawa unakaa siku tatu nne bila mnyama wa kuugusa, na ule uliosahauliwa bila kuoshwa unafunga usiku uleule. Akajaribu tena, na tena, mwaka mzima, kimyakimya, huu umeoshwa na ule haukuoshwa, akihesabu kichwani. Dawa ilinuka hospitali, na wanyama hawapendi hospitali kama sisi tu. Angeandika hayo aliyoyaona, angeitwa mtafiti. Lakini kuyaandika kungekuwa kukiri kwamba hakuosha, na yeye alikuwa mfagizi wa jana aliyepewa daftari. Akanyamaza. Mitego yake ikawa inanasa kuliko ya wote, watu wakasema ana mkono wa heri, naye akauacha mkono wake usifiwe. Sifa ni tamu, na yeye alikuwa hajawahi kuonja nyingi.

Mkuu wa utafiti sasa alikuwa daktari wa wanyama, mwanamke asiyefika miaka thelathini na mitano. Alikuja kituoni akiwa mwanafunzi, mwoga wa kushika panya hata aliyelala. Mama Karanga ndiye aliyemfundisha. "Mshike ngozi ya shingoni kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani," alimwambia. "Usimuumize, ila usimwamini." Mbele ya watu daktari alimwita Mama Karanga kama wengine. Wakiwa wawili alimwita mama, na Mama Karanga, aliyezaa wavulana watupu, alilipenda neno hilo kuliko alivyoonyesha.

Kituo kilikuwa na sehemu mbili za kutegea. Bondeni, karibu na mto, walikuwepo panya wa nyasini kwa mamia. Juu, kwenye kichaka kilichobaki katikati ya mashamba na nyumba, walikuwepo sange, na hao walikuwa kumi na wanne tu, wote wakiwa na alama ya bati sikioni. Hakuna wengine waliojulikana mpaka mwendo wa siku nzima. Daktari alikuwa akipigania kichaka kile kwa barua na mikutano, na silaha yake ilikuwa moja tu: kwamba sange wapo, ni wazima, na wanazaa.

Sange huishi wawili wawili, dume na jike, na wana jambo moja ambalo Mama Karanga hakuchoka kulisimulia. Wana vinjia vyao, na kila siku huvisafisha. Jani likianguka, dume hulipiga teke pembeni. Penye kigingi namba thelathini na moja, kimoja cha vigingi vilivyoonyesha mahali pa kutega, palikuwa na kinjia ambacho kwa miaka minne hakuwahi kukikuta kichafu, na mwenyewe, dume aliyepungukiwa ncha ya sikio, alimpachika jina la Bwana Usafi. Jike akawa Bibi Usafi. Asubuhi alikuwa akiwasalimia kwanza ndipo awasalimie wafanyakazi wenzake.

Sange ni wagumu kuingia mtegoni. Kwa hiyo, na hapa ndipo kosa lilipokaa, kila zamu ya kichaka ilipofika alikuwa akiikusanya ile mitego yake kumi na miwili kutoka bondeni na kuipandisha juu. Vinginevyo angerudi mikono mitupu, na mkono wa heri ungesemwaje?

Upele aliuona yeye kwanza. Ilikuwa kwenye mtego namba nane. Bwana Usafi alikuwa ndani, pua imefanya magamba meupe, masikio yamekauka yakakunjamana kama majani ya chai. Alimpeleka kwa daktari akiwa kwenye mfuko wa kitambaa, na daktari alipomtazama uso ulimshuka.

"Huu ni upele wa wadudu," alisema. "Mama, huu umetoka wapi?"

"Sijui," alisema Mama Karanga, na dakika ile ilikuwa kweli.

Haikuwa kweli tena ilipofika saa nne. Aliketi chumba cha mitego kujaza daftari, akarudisha kurasa nyuma kutafuta mara ya mwisho mtego namba nane ulinasa nini. Mwandiko ulikuwa wake. Mwezi uliopita: bondeni, Jumanne, panya wa nyasini, ana upele mgongoni. Kisha kichakani, Alhamisi, sange, dume, kigingi thelathini na moja. Katikati hapakuwa na kuoshwa. Akatafuta namba kumi na tisa, akakuta vilevile. Namba arobaini, vilevile. Akafunga daftari akalikalia, kama mtu anayeficha barua.

Wiki iliyofuata walipatikana sange wengine sita wenye magamba, na watatu wakafa. Daktari aliacha kula mchana. Alikuwa na chupa moja ya dawa ya kudondosha shingoni, na aliipata kwa kubembeleza.

"Nikiwatibu bila kujua wanakoupata, watauokota tena," aliwaambia wafanyakazi. "Nadhani ni mbwa. Mbwa wa zile nyumba za juu wanaingia kichakani, na wawili nimewaona wana upele. Naandika barua mjini waje wawaondoe mbwa wote."

Kila mtu alikubali kwamba ni mbwa. Mbwa hajui kujitetea.

Mama Karanga alijitia hamnazo. Ila sasa aliosha. Aliosha mitego yote themanini, kumi na miwili ile akaiosha mara tatu, kwa dawa nzito mpaka vidole vikambabuka. Alijiambia kwamba ameshalimaliza, kwamba mtego safi hauna habari ya kusimulia. Mitego ile ikawekwa kichakani ili sange wakamatwe watibiwe, na kwa siku tano haikufunga hata mmoja. Alijua haitafunga. Nani angejua kuliko yeye?

Nyumbani fundi aliinusa mikono yake akakunja uso. "Leo nimeletewa zahanati," alisema. "Karanga zangu ziko wapi?"

Alimweleza. Hakupanga kumweleza, ila maji yalikuwa yamemfika shingoni. Fundi alizima cherehani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo waume wengi wema wangesema.

"Nyamaza, mke wangu. Umeshaiosha, sivyo? Basi. Nani atakesha akisoma daftari lako? Umebakiza miaka miwili upumzike. Panya wakifa, si wapo wengine?"

"Sange si panya."

"Haya, sange."

"Na mbwa watauawa bure."

"Mbwa wa watu," alisema fundi. Kisha akamtazama mbwa wao aliyelala chini ya meza ya kukatia, kichwa juu ya vipande vya kitambaa, akakumbuka kwamba na wao wanaishi kwenye zile nyumba za juu. Alikohoa. "Hata hivyo, barua si inaweza kuchelewa?"

Mama Karanga alicheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na fundi akahangaika kumtafutia leso kati ya vitambaa vya wateja.

Bwana Usafi ndiye aliyemaliza ubishi. Asubuhi ya siku ya sita alikutwa amelala wazi kwenye kinjia chake, alikoachiliwa baada ya kupimwa, hana hata nguvu ya kukimbia, na Mama Karanga akamwokota kwa mkono. Daktari alimweka kwenye mzani. Gramu mia na arobaini, na mwezi uliopita alikuwa mia na themanini na tano. Bwana Usafi alipiga mguu juu ya bati la mzani mara mbili, kama wanavyopiga wakishtuka, kisha hakupiga tena.

Daktari alimfunika kwa kitambaa. Halafu akavuta fomu, akaandika tarehe, akafika mahali pa chanzo cha maambukizi na kuanza kuandika mbwa. Bahasha ya barua ya mjini ilikuwa pembeni, imeshafungwa.

"Usiandike mbwa," alisema Mama Karanga.

Daktari aliinua macho.

"Ni mimi. Ni mitego yangu." Alijikaza kisabuni, lakini sauti ilikuwa ikimtoka vipande vipande. "Nina mitego kumi na miwili siioshi. Tangu zamani. Naitoa bondeni naipeleka kichakani. Nimeangalia daftari. Mwezi uliopita namba nane ilikuwa na panya mwenye upele Jumanne, Alhamisi ikamshika huyu. Na nyingine zipo hivyo."

"Mama, unasema nini?"

"Nimesema. Usinifanye nirudie, nitashindwa."

Daktari hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alisimama, akatandika ramani ya kichaka juu ya meza, akachukua kikopo cha pini. "Nitajie namba na vigingi," alisema. Mama Karanga akasoma kutoka kwenye daftari lake mwenyewe, na kwa kila namba aliyoisoma pini nyekundu ilichomwa. Kisha daktari akachoma pini nyeupe mahali walipokamatwa wagonjwa. Zilikaa pamoja, nyekundu na nyeupe, nyekundu na nyeupe, upande wake wote. Upande walikotega wenzake hapakuwa na pini hata moja.

Daktari alichukua bahasha akaichana mara mbili, akaitupa.

"Kwa nini?" aliuliza. "Si mvivu wewe. Ningeambiwa ni mtu mwingine ningekubali. Kwa nini wewe?"

"Dawa inawafukuza. Mtego ukinuka dawa hawaingii siku tatu, siku nne. Nimejaribu mwaka mzima, nikaona. Usioshwe, wanaingia usiku uleule."

"Ulijaribu mwaka mzima."

"Zamani. Kabla hujaja."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Ningeambiwa mfagizi anabishana na ukuta."

Daktari alikaa chini. Aliutazama ukuta, pale ilipobandikwa kanuni, iliyokuwa imepauka kwa jua, na alipozungumza tena hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Mama Karanga.

"Miaka yote najiuliza kwa nini mitego yako inanasa kuliko yetu," alisema. "Nimeandika kurasa mbili nikitafuta sababu. Hili lilikuwa jambo la kuandikwa, Mama Karanga. Lingekuwa na jina lako." Akafunika kikopo cha pini. "Na kuosha hakukuhitaji dawa. Maji ya moto tu. Maji yanayochemka, dakika kumi, wadudu wa upele wanakufa wote, na hayana harufu. Dawa tuliiweka kwa sababu kuchemsha mitego themanini ni usumbufu. Ungesema kwamba inawafukuza, tungechemsha. Siku hiyohiyo tungechemsha."

Mama Karanga alisikia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni maji. La pili ni kwamba walikuwa wawili tu chumbani, na ameitwa Mama Karanga.

Mchana ule waliwasha jiko la stoo, wakatafuta sufuria kubwa ya kupikia wageni, wakaichemsha mitego kumi na miwili mitatu mitatu. Maji yalipochemka, matone mekundu ya rangi ya kucha yalibanduka moja moja yakaelea juu, na daktari aliyatazama bila kuuliza. Waliianika mitego juani, wakatia chambo, na jua lilipoanza kushuka wakaitega kichakani, kila mmoja kwenye kigingi chake.

Asubuhi mitego saba ilikuwa imefunga. Siku tano kavu, na sasa saba kwa mkupuo. Daktari alidondosha dawa shingoni mwa mmoja baada ya mwingine, na alimshika kila mmoja vilevile alivyofundishwa, bila kumuumiza na bila kumwamini. Wawili kati yao walikuwa hawajaanza hata kujikuna. Watapona hao, alisema, na hakusema anamwambia nani.

Kigingi thelathini na moja kilikuwa cha mwisho. Mtego ulikuwa wazi, chambo kizima. Mama Karanga aliuinua, kisha akaangalia chini. Kinjia hakikuonekana. Majani yalikuwa yamekifunika mwanzo mpaka mwisho, makavu na mabichi, ya siku nyingi, na hakuna aliyepiga teke hata moja. Alimtafuta Bibi Usafi kwa macho chini ya kila shina. Alimwita, mtu mzima na akili zake, alimwita kwa jina. Kisha akachuchumaa pale pale mpaka daktari alipomwambia kwamba jua limepanda, waondoke.

Kituoni alikabidhi daftari. Aliambiwa akae nyumbani mpaka uongozi utakapoamua, na kwamba daktari ataandika ukweli wote, ule mbaya na ule wa mwaka mzima wa kujaribu. "Jina langu litakuwepo?" aliuliza. Daktari alisema litakuwepo pote pawili.

Fundi alimkuta jikoni saa sita, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, sufuria iko motoni.

"Umewapata?"

"Saba."

"Walikuwa wangapi vile?"

Mama Karanga alichochea moto. Fundi hakurudia swali. Alivuta kigoda kingine akakaa kando yake, mbwa akaja akalala miguuni pao, na mvuke ukaanza kufunika dirisha.

"Maji yamechemka hayo," alisema fundi baada ya muda, taratibu. "Lete nitie majani ya chai."

"Yaache," alisema Mama Karanga. "Hayajafika dakika kumi."